Barua ya wazi kwa wazee wa sinagogi na kamati ya ibada: kinanda mmekiondoa, sasa tufundisheni kuimba

Shalom wazee wetu, shalom kamati ya ibada, na shalom kwa yule anayekaa na ufunguo wa kabati la spika.

Tangazo lenu nimelisoma kule kwenye grupu ya WhatsApp kama wengine wote. Mistari minne tu, kwamba kuanzia Rosh Hashana (mwaka mpya wetu wa Kiyahudi) ya mwaka huu hakuna kinanda, hakuna gita, hakuna ngoma wala maiki kwenye ibada ya sikukuu yoyote, "tusifanane na kanisa", full stop, mwisho wa tangazo. Vijana wakawaka, wazee wakajibu amina amina, halafu mtu akatupia video ya kuchekesha mada ikapotea. Mimi naona hii mada haifai kupotea hivyo ndio maana naandika hapa wazi, wala si kwa ubaya, na kabla hamjanihesabu upande wa vijana niseme kabisa kwamba uamuzi wenu naukubali. Sikukuu tuimbe kwa sauti tupu, sawa. Ila kuna sababu mmetoa ambayo haijasimama, na kuna kazi mmeiacha nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo kubwa.

Tuanze na sababu. Mmeandika "tusifanane na kanisa". Jamani wazee, hiyo hapana. Wengi wetu humu tumetoka makanisani na tunajua makanisa vizuri. Hapa Kenya kuna Kanisa la Kristo, hao wanaimba bila ala yoyote, hata kinanda hawana, na wana hoja zao za kimaandiko za kukataa. Waorthodoksi wa Kikristo wa mapokeo ya Kigiriki na Kirusi nao kwa desturi liturujia yao ni sauti tu. Kwa hiyo kama kipimo ni kanisa basi tukiondoa ala tunafanana na kanisa moja na tukirudisha tunafanana na lingine, tutakimbia mpaka lini? Na msidhani ugomvi huu ni wa kwetu peke yetu. Waislamu wa Lamu walizozana sana enzi za Habib Swaleh alipoingiza matari kwenye maulidi, wakubwa wa mji wakanuna, na leo maulidi ya Lamu bila matari nani anaweza kuyafikiria. Kila dini ina huu mjadala. Sisi Wayahudi tuna majibu yetu wenyewe ya miaka karibu elfu mbili, kwa nini tukaazime sababu kwa jirani?

Majibu yenyewe mnayajua kuliko mimi lakini kwa kuwa tangazo halikuyataja nayaandika, ili yule kijana wa ngoma ambaye saa hizi amekasirika ajue hakuna mtu aliyemchukia yeye wala ngoma yake.

Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zetu, kwenye kitabu cha Beitza inasema siku ya sikukuu watu wasipige makofi, wasijipige mapaja, wasicheze dansi. Talmud, ambayo ni maelezo ya Mishna, inauliza kwa nini, inajibu: asije mtu akatengeneza ala. Yaani umeshika zeze, uzi umekatika katikati ya wimbo, mkono unaenda wenyewe kuufunga, na hapo umeshafanya kazi siku ambayo kazi imekatazwa. Anayepiga gita anajua hilo jambo lilivyo la kweli, hakuna mtu anayemaliza saa tatu za ibada bila kukaza uzi hata mmoja. Na ukitaka kuona jinsi wahenga wetu walivyolichukua hili kwa makini angalia Mishna ya Eruvin, pale Hekaluni Mlawi ambaye uzi wake umekatika alikuwa anaruhusiwa kuufunga hata Shabbat, yaani Jumamosi yetu ya mapumziko, nje ya Hekalu hapana. Kitendo kilekile, uzi uleule, kilichobadilika ni mahali. Wenye Tosafot, wale waandishi wa maelezo ya Talmud kule Ufaransa na Ujerumani baadaye walisema kwamba siku hizi watu si mafundi wa kutengeneza ala kwa hiyo makofi na kucheza si tatizo tena, na sisi tunapiga makofi, vizuri. Lakini ala yenyewe kuishika ni jambo lingine, na kinanda cha stima ndiyo kabisa, kwa sababu sasa kuna na swali la umeme siku ya sikukuu, na Yom Kippur, siku ya kufunga na kutubu, makatazo yake ya kazi ni yaleyale ya Shabbat.

Sababu ya pili ni maombolezo ya Hekalu lililobomolewa mwaka 70. Zaburi ya 137, ingawa yenyewe ni ya Hekalu la kwanza, mateka wanatundika vinubi kwenye miti kule Babeli. Hii naiheshimu ila niseme ukweli hainishiki sana, kwa sababu harusini tunapiga muziki mpaka majirani wanalalamika na hakuna mzee aliyewahi kuzima spika kwa ajili ya Hekalu.

Kwa vijana waliosema "lakini Zaburi 150 ina ala zote", ni kweli, na Hekaluni ala zilikuwepo nyingi. Mishna ya Arakhin imeziorodhesha, vinubi visipungue viwili visizidi sita, zeze zisipungue tisa na juu hakuna kikomo, tena Walawi waimbaji jukwaani wasipungue 12. Hiyo ni bendi kamili. Lakini hata hukohuko kwenye sherehe ya kuchota maji wakati wa Sukkot, sikukuu ya vibanda, ile ambayo wahenga wanasema asiyeiona hajawahi kuona furaha maishani mwake, filimbi ilipigwa siku tano au sita tu, kwa sababu Shabbat na sikukuu yenyewe filimbi ya sherehe hiyo ilinyamaza. Walikuwa na wapigaji, walikuwa na ngazi 15 za kusimama Walawi, walikuwa na kila kitu, na bado kwenye sherehe hiyo wakatenga siku za ala na siku ambazo hazina. Hiyo ndiyo sababu ningependa ingekuwa kwenye tangazo lenu badala ya habari ya kanisa.

Na mwaka huu 2026 kuna kitu sijui kama kamati imekaa ikakifikiria. Rosh Hashana siku ya kwanza ni Jumamosi tarehe 12 Septemba. Ni Shabbat. Maana yake hata shofar, ile pembe ya kondoo, haipulizwi mpaka Jumapili. Zamani ilipoangukia Shabbat walipuliza Hekaluni tu, Hekalu lilipobomoka Rabban Yohanan ben Zakkai akaweka kwamba wapulize penye baraza la hukumu, na sisi leo hatupulizi kabisa, asije mtu akaibeba njiani akienda kumuuliza mwalimu namna ya kupuliza. Halafu kwa desturi ya Ashkenazi, Wayahudi wa Ulaya, ambayo tunaifuata, ile sala ya Avinu Malkenu nayo haisemwi ikiwa ni Shabbat. Halleli, zile zaburi za sifa, haipo Rosh Hashana wala Yom Kippur mwaka wowote ule. Sasa nihesabieni wazee: kinanda hakuna, ngoma hakuna, shofar hakuna, Avinu Malkenu ambayo ndiyo wimbo pekee kila mtu anaujua mpaka watoto hakuna. Kumebaki nini hiyo Jumamosi asubuhi? Kumebaki sisi. Na sisi hatujui kuimba.

Msikasirike. Mnakumbuka ile sikukuu stima ilipopotea katikati ya Musaf, ile sala ya nyongeza, transfoma ikalipuka kule barabarani, kinanda kikakata pwaa. Watu wengine husimulia mambo kama haya kwamba eti taa zilizimika na hapo sauti za watu zikapaa kama malaika. Kwetu haikuwa hivyo. Zilisikika sauti nne, mbili zikiwa kwenye ufunguo tofauti, hazan, kiongozi wetu wa sala, akiwa amepanda juu mno mpaka akakohoa, na nyuma huku kwetu watu wanafungua kurasa kutafuta tuko wapi. Kinanda kilikuwa kimetufunika miaka yote hiyo. Kila mtu alidhani mwenzake anaimba.

Kwa hiyo mtu akisema tunaondoa ala ili turudi kwenye sauti, mimi nauliza sauti gani? Ya nani? Ibada ya hazan mmoja na wazee watatu wanaokimbiza Kiebrania huku watu wengine wote wamesimama kama wanasubiri matatu, hiyo siyo desturi ya kuimba bila ala, huo ni ukimya tu umevaa talit, shuka la sala.

Huko walikoishi vizuri bila ala walifanya kazi. Italia kule Salomone Rossi, Myahudi wa Mantua, alitunga nyimbo za kwaya kwa Kiebrania zikachapishwa Venezia mwaka 1622 na 1623, sauti kadhaa zikipishana bila hata ala moja, na mtu huyo huyo ikulu alikuwa mpiga fidla. Alijua tofauti ya jukwaa na sinagogi. Na zile tuni za Ashkenazi za Siku za Kutisha, yaani Rosh Hashana na Yom Kippur, ile ya Kol Nidre ya kufungulia Yom Kippur na wenzake, zimebebwa na koo za watu karne kwa karne, kila baba na mwanawe, kila hazan na kwaya yake. Sauti tupu inataka mazoezi kuliko kinanda, kwa sababu haina mahali pa kujificha.

Upande wa pili pia sitaki tuwaseme vibaya. Hamburg mwaka 1818 walifungua Hekalu lao jipya na ogani ndani, marabi wakubwa wakatoa kitabu kizima mwaka uliofuata cha kupinga. Wale wa Charleston, Carolina Kusini, sinagogi iliungua moto mwaka 1838, walipojenga upya wakaweka ogani mwaka 1841, waliokataa wakaondoka wakaanzisha sinagogi yao, na kesi ikafika mpaka mahakamani. Fikirieni hiyo, Wayahudi wachache mji mmoja wamegawanyika kwa ajili ya ogani, walikuja kuungana tena baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe. Sisi tukigawanyika hapa minyan, wale watu kumi wa kutimiza sala, haitatimia upande wowote. Leo kwenye madhehebu ya Kiyahudi Wareformu wanapiga, Waorthodoksi hawapigi, Conservative walio katikati wengine wanapiga wengine hawapigi na marabi wao Elie Spitz na Elliot Dorff wameandika waraka mrefu wa kuonyesha njia ya kuruhusu. Wale wageni wetu kutoka Marekani waliokuja na gita Ijumaa jioni siyo wapotovu, wana rabi wao na wana jibu lao. Kwa hiyo tukisema hapana tuseme "hapa kwetu hapana", basi, bila matusi.

Sasa nije kwa jambo ambalo halimo kwenye tangazo lakini linazungumzwa pembeni, na mimi nikiwa mwanamke nitalisema. Kuna mzee mmoja, simtaji, ambaye baada ya kinanda kuondoka anasema hatua inayofuata ni akina mama kupunguza sauti, kwa sababu ya yale maneno ya Shmueli kwenye Talmud, kitabu cha Berakhot, kwamba sauti ya mwanamke ni uchi. Mzee wangu nakuheshimu. Najua wako wanaofuata hivyo na wana vitabu vyao. Ila sinagogi hii tangu ianze tunakaa pamoja na kuimba pamoja, na ukituondoa sisi waimbaji wenyewe wanabaki wangapi? Nyinyi wanaume mnaimba kama mmelazimishwa, samahani, mnajijua. Nusu ya watu wanaoshika tuni humu ndani ni akina mama waliotoka kwaya za kanisani, masikio yameshafundishwa bure na mtu mwingine, nyinyi mngetakiwa kushukuru. Kinanda kiondoke, akina mama wanyamaze, halafu Septemba mje mseme ibada ilikuwa imepoa. Hilo naomba kamati ilijibu kwa maandishi.

Mfano wa karibu tunao, hata viza hauhitaji. Abayudaya, Wayahudi wa Mbale kule Uganda. Semei Kakungulu alianza ule ushirika mwaka 1919 hakuna aliyemletea tuni kutoka Poland, watu wakachukua zaburi wakaziimba kwa Kiluganda kwa mahadhi yao wenyewe. Idi Amin akapiga marufuku Uyahudi miaka ya 70, sinagogi zikafungwa, watu wakasali kwa kujificha, na nyimbo zikabaki vichwani. Mwaka 2003 Smithsonian Folkways wakatoa rekodi zao, ikateuliwa hata kugombea Grammy. Rabi Gershom Sizomu ambaye alipata urabi mwaka 2008 kule Los Angeles ni mtu wa muziki, J.J. Keki kaka yake naye hivyohivyo. Nyimbo zao zinashika kwa sababu ni zao. Sisi tunajifunza tuni kutoka YouTube, kila mwaka mtu anakuja na mpya ya Brooklyn ambayo ina bendi nyuma, ukiitoa bendi inabaki kitu ambacho hakiimbiki, na mwaka unaofuata tunaitupa tunachukua nyingine.

Ombi langu sasa, na ni la bure halihitaji harambee. Zaburi ya 27. Inasomwa asubuhi na jioni kuanzia mwanzo wa Elul, mwezi wa kabla ya Rosh Hashana, mpaka mwisho wa Sukkot, ni fupi, na nusu yetu tunaijua kwa moyo tangu utotoni. Rosh Hodesh Elul, yaani mwanzo wa mwezi huo, mwaka huu ni Alhamisi na Ijumaa, tarehe 13 na 14 Agosti. Tuchague mahadhi moja, ya Kiswahili, ya watu wa hapa, ile ya kuitikiana ambapo mmoja anatoa na wengine wanapokea, kwa sababu hiyo watu wetu hawafundishwi wanazaliwa nayo. Tuiimbe kila tunapokutana mwezi mzima. Ikifika ile Jumamosi ya tarehe 12 ambayo haina shofar, sinagogi nzima itakuwa na kitu kimoja mdomoni ambacho hakihitaji karatasi. Halafu ongezeni vitatu tu vya Kiebrania, vile vyenye kiitikio kifupi, Shema Kolenu mojawapo, na ungamo la Ashamnu la Yom Kippur ambalo ni neno moja moja tunajipiga kifua, hata aliyekuja juzi anaweza kulishika. Vinne. Msituletee kumi.

Na hazan, kaka yangu, anza chini. Tafadhali. Ukianza juu wanaume wote wanaachia kwenye mstari wa pili na unabaki peke yako na sisi akina mama. Mwache yule baba wa sauti nzito anayekaa karibu na dirisha akupe sauti ya kuanzia, haina dhambi hiyo.

Kwa upande wa wapigaji, naomba msiuze vyombo. Nimesikia kuna mazungumzo ya kuuza kinanda na spika, eti havina kazi tena. Havina kazi vipi? Siku za katikati za Sukkot, yaani Jumatatu tarehe 28 Septemba mpaka Ijumaa tarehe 2 Oktoba, ni siku tano na usiku wake ambapo ala zinaruhusiwa, na ndizo hasa siku za ile sherehe ya kuchota maji. Tusifanye ibada kavu, leteni ngoma, leteni kayamba, gita, watoto na matoazi, tuikeshe. Hanukka mwanzoni mwa Desemba siku nane, ukiacha Shabbat zake, hazina katazo la kazi. Purim ndiyo usiseme. Kila Jumamosi usiku baada ya Havdala, sala ya kufunga Shabbat. Hata Kol Nidre yenyewe Jumapili tarehe 20 Septemba, jua kwetu linazama kama saa kumi na mbili na nusu, watu wanafika saa kumi na moja wanakaa wanapiga stori. Kijana mmoja apige tuni ya Kol Nidre kwa gita taratibu watu wakiingia, saa kumi na mbili kasoro robo anafunga gita kabatini, mnatoa Tora, mnaanza kwa sauti. Ziko sinagogi za Marekani zinafanya hivyo kwa selo. Hakuna sheria iliyoguswa kwa sababu siku haijaingia, na huyo kijana amefungua Yom Kippur ya watu wote.

Vijana wale wanne wa muziki mkiwaambia hivi, na tarehe zao mkawapa mkononi, hawatahama. Mkiwaambia "hakuna kinanda" na mkaishia hapo watarudi walikotoka, na huko kuna maiki na stendi na mshahara kidogo, tusijidanganye.

Basi wazee, ninachoomba ni majibu matatu, na kama kuna la nne mtaniambia. Tangazo liandikwe upya kwa sababu za kweli. Sauti za akina mama mseme wazi zinabaki. Na mtu atajwe kwa jina, awe mwanamume au mwanamke, wa kufundisha hizo nyimbo nne, kila Jumapili saa nane mchana ukumbi ukiwa wazi, kuanzia kabla ya tarehe 13 Agosti. Kama hamna mtu mimi nipo, na funguo za ukumbi najua ziko kwa nani.

Shana tova mapema,

Mama wa safu ya nyuma